Hasara ya lockdown haipatikani kwa kutoa 2020 kwenye 2019

Mkuu usitume hiyo ripoti. Umesema unapima faida na hasara za lockdown, yaani amri ya kufunga nchi wakati wa corona, kiuchumi, na hesabu yako ni kuchukua mapato ya wafanyabiashara ya 2019, unatoa ya 2020, kinachobaki unakiita gharama ya lockdown. Hapana! Hesabu hiyohiyo ndo imekula mitaji ya watu hapa Kigoma, na nchi yetu wala haikufungwa.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020, shule zikafungwa kesho yake, ila masoko na mabasi vikaendelea. Sasa kuna jamaa akaja na semina, anajiita mshauri wa biashara, akatuambia sisi wauza dagaa wa Kibirizi kwamba Uganda na Rwanda wamefunga watafilisika, nyie hamjafungwa kwa hiyo soko lenu liko palepale kama mwaka jana, kopeni mjaze stoo. Watu wakakopa kikundi kizima. Mteja haji! Hakuna askari aliyemzuia, kaogopa tu kusafiri, na yule wa Arusha aliyekuwa anapelekea migahawa anasema wageni hakuna, anunue amuuzie nani. Mvua nazo hazikati, dagaa wakashika ukungu, wakaenda kwa bei ya chakula cha kuku huku riba inasoma kila mwezi. Kuna mama mle kikundini aliuza kiwanja chake Ujiji kulipa deni. Mshauri hapokei simu. Hilo linaniuma mpaka leo, maana yeye alilipwa posho ya semina na aliyelipa kosa lake ni yule mama.

Kwa hiyo lishike hili moja: nchi iliyofunga ilinganishe na nchi iliyopata ugonjwa bila kufunga, usiilinganishe na mwaka ambao ugonjwa haukuwepo. Uoga peke yake unaua biashara. Wachumi wa Chicago, Goolsbee na Syverson, walifuatilia data za simu Marekani wakakuta watu kwenda madukani na sehemu za huduma kulishuka kwa asilimia 60, na katika hizo amri za serikali zinaeleza pointi 7 tu. Denmark walifunga, Sweden hawakufunga kwa kiwango kile, matumizi ya watu mwanzoni yakashuka asilimia 29 Denmark na 25 Sweden. Kwa hesabu yako ungeitwisha lockdown ya Denmark zote 29, wakati tofauti ni 4!

Na sisi hapa watalii walikuwa 1,527,230 mwaka 2019 wakabaki 620,867 mwaka 2020. Amri yetu ya kusimamisha ndege za kimataifa ilikaa kuanzia Aprili hadi Mei 2020 tu, miezi mingine nani aliwazuia? Wengine walifungiwa kwao, wengine ndege hazikuruka, wengine roho tu haikutaka.

Sisemi kufunga ni bure. Uganda shule zilikuja kufunguka kikamilifu Januari 2022, hiyo ni amri moja kwa moja, iandike yote. Na zile namba ni za nchi ambazo mtu akikaa ndani bado anakula, mtu wa Mwanga hapa Kigoma anayetafuta ugali wa leo leo amri ingemuuma zaidi ya pointi 7, hilo liandikie aya yake.

Futa ile safu ya 2019 kutoa 2020 usiku huu, weka Denmark na Sweden, weka na watalii wetu, halafu ipandishe hapahapa niipitie kesho nikitoka mwaloni.