Taa ya Pedali ya Gitaa Isipowaka: Kwa Mafundi Wanaoanza

Pedali nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Kirumba, Mwanza, ni za wapiga gitaa wa kwaya na wa bendi za ukumbini, na shida yao mara nyingi ni moja: pedali ikikanyagwa sauti inabadilika kama kawaida, lakini taa haiwaki. Kijana anayeanza kazi akisikia neno "taa" hushika chuma cha solda hapohapo ili aing'oe LED, yaani kile kitaa kidogo chenyewe, na kuweka mpya. Nami nilianza hivyo. Pedali ya kwanza niliyokabidhiwa na fundi wangu niliibadilishia LED mara tatu kwa siku moja, na mara ya tatu joto likabandua njia ya shaba kwenye bodi, ilhali LED ya awali ilikuwa nzima kabisa na hitilafu ilikuwa kwenye swichi.

Elewa kwanza kwamba njia ya taa na njia ya sauti ni mbili tofauti, ingawa swichi moja huzigeuza kwa pamoja. Katika pedali za kawaida, swichi ya kukanyagia ina miguu tisa iliyopangwa katika safu tatu za miguu mitatu mitatu. Safu mbili hushughulikia sauti inayoingia na inayotoka, na safu ya tatu huiwasha na kuizima taa. Umeme wa volti 9 hupitia rizista, yaani kipande kinachopunguza mkondo wa umeme, ukaingia LED kwa mguu wake mrefu ulio chanya, ukatoka kwa mguu mfupi ulio upande wa ukingo bapa, kisha ukapitia swichi hadi hasi. Njia hii ikikatika popote taa huzimika, na sauti haina habari.

Kabla hujafungua skrubu moja, uliza pedali inatumia umeme gani. Betri iliyochoka huanza kufifisha taa wakati sauti bado inasikika, na huenda ukabadilisha betri tu ukawa umemaliza kazi. Kama ni adapta, pima ncha yake, kwa maana pedali nyingi za gitaa zinataka hasi katikati, wakati adapta nyingi za vifaa vya intaneti zinazozagaa majumbani zina chanya katikati, na mteja huchomeka yoyote inayoingia.

Ukishafungua, usiguse chuma cha solda. Washa pedali, ikanyage mpaka sauti ibadilike, kisha weka waya mweusi wa mita ya kupimia umeme kwenye hasi, kwa mfano kwenye chuma cha jeki, pale waya wa gitaa unapochomekwa, na ufuate njia ya taa kwa waya mwekundu. Ukikuta volti 9 kwenye mguu mrefu wa LED na sifuri kwenye mguu mfupi, LED imekatika ndani, na hapo ndipo una haki ya kuing'oa. Ukikuta volti 9 kwenye mguu mrefu na volti saba hivi kwenye mguu mfupi, umeme umefika lakini hauna pa kutokea, kwa hiyo tatizo liko mbele, kwenye waya, kwenye solda au kwenye swichi. Kama mguu mrefu hauna kitu, rudi nyuma uiangalie rizista na maungio yake. LED nzima nyekundu, ikiwaka, hubakiza takriban volti 2 kati ya miguu yake; ya bluu au nyeupe hubakiza takriban 3.

Kwa uzoefu wangu, LED yenyewe ni mara chache kuwa na kosa. Hapa kwetu unyevu wa ziwa huingia kila mahali, na pedali inayovuka kwenda kisiwa cha Ukerewe kwenye mfuko wa kitambaa, au inayopigiwa muziki kando ya maji, hurudi na ukungu wa kijani kwenye miguu ya swichi. Niliwahi kufungua moja nikakuta tabaka la wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku, wamekauka na kushikana juu ya solda. Safisha kwa spiriti na mswaki, halafu pima tena.

Swichi ipime ikiwa umeme umezimwa. Weka mita kwenye mlio, ile sehemu inayolia njia ikiwa imeungana, waya mmoja kwenye mguu wa katikati wa safu ya taa na mwingine kwenye mguu wa pembeni, kisha kanyaga mara nyingi. Swichi nzima hulia na kunyamaza kwa zamu; mlio unaokuja mara moja na kukosekana mara mbili mfululizo unaonyesha kwamba vigusio vya ndani vimelika. Swichi hiyo badilisha nzima. Unapoichomea, usikae na joto kwenye mguu mmoja zaidi ya sekunde tatu, kwa sababu plastiki ya ndani hulainika na mguu ukahama mahali pake.

Rizista usiiondoe kamwe ukidhani inapunguza mwanga bure. Yenye omu 1,000 kwenye LED nyekundu hupitisha takriban miliampea 7, na yenye omu 4,700 hupitisha 1.5, ambayo inatosha kuonekana ukumbini na kuitunza betri. LED iliyounganishwa na volti 9 bila rizista huungua papo hapo.

Pedali ndogo za kampuni ya Boss ziweke kando mpaka uzoee, kwani swichi yake hutuma ishara fupi tu, na transista, vipande vidogo vinavyofanya kazi ya swichi kwa umeme, ndizo zinazogeuza sauti na taa, hivyo hutaiona ile miguu tisa.

Mwisho wa kazi, vika miguu ya LED ganda la waya ili isiguse kasha la chuma, funga kifuniko, kisha kanyaga mara ishirini huku ukiigonga pedali kwa kiganja, kwa sababu mwenyewe ataikanyaga jukwaani gizani na hiyo taa ndiyo atakayoitazama.