Masasisho nimeyazima tangu 2022: nirudi vipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfasiri na kivinjari ndicho meza yangu ya kazi. Nimekipanga nitakavyo: vichupo vipo chini ya upau wa anwani, kamusi zangu zina vitufe vyake kushoto, herufi nimezikuza kwa ajili ya macho. Mwaka 2022 sasisho moja lilivuruga mpangilio wote, na kiendelezi nilichokitegemea, yaani programu ndogo ya kuongezea kivinjari uwezo, kikafa. Nikarudisha toleo la zamani na kuzima masasisho. Sasa tovuti mbili za kazi hazifunguki sawasawa, na mwanangu ananiambia najihatarisha. Nikisasisha nitapoteza tena kila kitu?
Mama Mfasiri

JIBU: Marahaba, mama. Mtu anayeshinda na maneno kutwa mkono wake unajua kitufe kilipo bila jicho kuangalia, na kitufe kikihama kazi nzima inayumba. Hasira yako naielewa. Ila ulichokizima sicho kilichokuudhi.

Kivinjari ni vitu viwili vinavyokaa pamoja. Kuna programu yenyewe, na kuna wasifu, yaani folda yenye alamisho zako, manenosiri, historia, viendelezi na mapendeleo yako. Sasisho hubadilisha programu na kuuacha wasifu mahali pake. Tofauti hii niliijua kwa uchungu mwaka 2019. Kivinjari changu kilikuwa kizito, nikaamua kukiondoa na kukisakinisha upya, na katika haraka ile nikaweka tiki kwenye kisanduku kilichouliza kama data yangu nayo ifutwe. Alamisho za miaka sita zikapotea. Programu niliipata tena kwa dakika tano, lakini nakala ya ile folda sikuwa nayo popote.

Kwa hiyo anza na wasifu. Jina la kivinjari chako hukulitaja, basi nitaeleza viwili. Kwenye Firefox andika about:support katika upau wa anwani. Ukurasa utakaofunguka una kitufe cha kuifungua folda ya wasifu. Kwenye Chrome andika chrome://version, utaona ilipo folda hiyo. Funga kivinjari kabisa, kisha nakili folda nzima kwenye diski ya nje. Usinakili kikiwa wazi: mafaili kama places.sqlite, ambamo Firefox hutunza alamisho na historia, huandikwa muda wote, na nakala yake inaweza kutoka na kasoro. Diski hiyo itunze kama unavyotunza funguo, maana manenosiri yako yamo.

Sasa tuje kwenye hatari, maana mwanao amesema kweli. Septemba 2023 iligunduliwa kasoro katika libwebp, msimbo ambao vivinjari vingi huutumia kufungua picha za aina ya WebP. Picha iliyotengenezwa kwa nia mbaya iliweza kuvuruga kumbukumbu ya kivinjari, na tayari kulikuwa na watu wanaoitumia kasoro hiyo kushambulia. Chrome na Firefox zilitoa marekebisho ndani ya siku chache. Kivinjari chako kilichosimama 2022 hakikuyapata. Linaloniumiza zaidi ni hili: marekebisho yakishatoka, yeyote mwenye ujuzi anaweza kulinganisha msimbo wa zamani na mpya akaona ufa ulikuwa wapi. Anayebaki nyuma anabaki na ufa ambao umeshajulikana. Ndiyo sababu nakusihi usingoje wiki nyingine.

Mpangilio wako je? Herufi ulizozikuza kupitia mipangilio, na vitufe ulivyovihamisha kwa njia ya kawaida, kwa kawaida huvuka salama. Vichupo vya chini ni habari nyingine. Kama ni Firefox, huenda wewe au mtu mwingine aliweka ndani ya wasifu faili la userChrome.css, lenye maelekezo ya kubadilisha sura ya kivinjari. Tangu toleo la 69 la mwaka 2019 faili hilo halisomwi mpaka uingie about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani, na kuweka toolkit.legacyUserProfileCustomizations.stylesheets kuwa true. Hata likisomwa, majina ya sehemu za ndani za kivinjari hubadilika, na mstari uliofanya kazi jana leo haushiki. Faili la namna hii linataka mtu wa kulitunza. Mimi nina daftari la karatasi kando ya kompyuta: kila ninapobadilisha kitu cha ndani naandika tarehe, nilichobadilisha na sababu. Likitokea la kutokea, najua pa kuanzia.

Kiendelezi kilichokufa sitakuahidi kitafufuka. Hata kabla ya masaibu yako viendelezi vimewahi kufa kwa wingi: Novemba 2017 Firefox 57 iliacha vyote vya mfumo wa zamani, na vingi havikuandikwa upya. Tafuta kingine kinachofanya kazi ileile na ambacho mwandishi wake bado anakishughulikia. Tazama tarehe ya toleo lake la mwisho.

Nadhani kinachokufaa wewe hasa ni Firefox ESR (Extended Support Release), yaani Firefox inayohudumiwa kwa muda mrefu bila kubadilishwa sura. Matoleo ya kawaida ya Firefox na Chrome yamekuwa yakitoka karibu kila wiki nne, lakini ESR hupata marekebisho ya usalama huku sura na vipengele vyake vikibaki vilivyo kwa takriban mwaka mzima. Badiliko kubwa unalikuta mara moja kwa mwaka, siku uliyoitenga mwenyewe.

Na ukishasasisha, usirudi nyuma na wasifu uleule. Tangu toleo la 67 Firefox hukataa kufungua wasifu uliokwisha kutumiwa na toleo jipya zaidi, ili data isiharibike. Ukilazimika kurudi, tumia ile nakala ya diski.

SWALI: Kivinjari changu kinakwama kila siku mchana. Nafuta kache asubuhi na jioni, lakini hali ni ileile.
Msomaji mwenye vichupo vingi

JIBU: Acha kufuta kache, ndugu yangu. Kache ni akiba ya vitu vilivyokwisha kupakuliwa ili visipakuliwe tena. Ukiifuta kila siku unakipa kivinjari kazi ya kuanza upya. Ifute pale tovuti fulani inapoonyesha mambo ya zamani au inapovurugika.

Mwulize kivinjari mwenyewe nani anamla nguvu. Kwenye Chrome ya Windows bonyeza Shift na Esc pamoja. Kwenye Firefox andika about:processes. Utaona kila kichupo na kila kiendelezi na kiasi cha kumbukumbu kinachotumia. Mara nyingi nimekuta mkosaji ni kichupo kimoja tu kilichosahaulika, au kiendelezi ambacho mwenyewe hakumbuki alikiweka lini. Kifunge, fanya kazi siku mbili, kisha uangalie tena. Na kama kinakwama mchana tu, huenda vichupo vinajilimbikiza tangu asubuhi. Chrome ina kiokoa kumbukumbu kinacholaza vichupo usivyovitumia. Kiwashe kwenye mipangilio, sehemu ya utendaji.

SWALI: Kubadilisha mandhari ya kivinjari kuna madhara?

JIBU: Mandhari ya rangi hayana neno. Kiendelezi ndicho cha kuogopa, hasa kinachoomba kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote. Kiendelezi chema kinaweza kuuzwa kwa mmiliki mwingine, na kwa kuwa hujisasisha chenyewe, mmiliki mpya anaingia kwako bila kubisha hodi. Fungua orodha yako leo hii, na ambacho hujakitumia mwezi mzima kiondoe.