Ule Upinde Haukuwa Kifafa

Juzi mama mmoja wa Likoni kaniandikia: "Dada, mwanangu nikimlisha kwa mpira anajipinda kama upinde, analia, maziwa yanatokea puani. Nifanyeje?" Nilikuwa kwenye feri. Machozi yalinitoka mbele za watu, maana upinde huo naujua.

Wangu ana mtindio wa ubongo, na analishwa kwa mpira ulioingizwa tumboni tangu alipokuwa na miaka 4. Alipoanza kujipinda, sote tulisema kifafa kimezidi. Bibi yake akaleta kombe, yale maji yaliyooshea aya za Kurani. Kwa kuwa mtoto hamezi, akapakwa kifuani. Mimi nikaandika kwenye daftari: saa mbili usiku, saa tano, saa nane. Miezi ikapita kabla sijang'amua kwamba hizo ndizo saa za kulisha! Kumbe chakula na asidi ya tumbo vilikuwa vinapanda kooni na kumchoma, ndipo anajipinda. Na foronya ilikuwa na doa la manjano, linanuka uchachu, naifua kila asubuhi wala sijiulizi.

Kosa lilikuwa langu. Nilisukuma sirinji kwa kidole gumba, mililita 200 kwa dakika tano, kisha nikamlaza chali nikapike. Muuguzi mmoja akaniambia mbele ya watu, "Mama, unamjaza kama dumu." Mpaka leo inaniuma, ingawa alisema kweli.

Siku hizi maziwa yanashuka yenyewe, kidogo kidogo, mara nyingi. Kabla yake nafungua mpira hewa itoke. Kiwiliwili chote kinainuliwa nyuzi 30 hadi 45. Mto wa kichwani peke yake humkunja tumbo. Halazwi mpaka saa nzima ipite. Choo nacho nakichunga, kikikauka tu kutapika kunarudi.

Omeprazole alipewa. Hupunguza ukali wa asidi, haizuii chakula kupanda. Chembe zake ziliwahi kuziba mpira, nikataka kuzisaga. Mfamasia akanizuia, kwani ule utando ndio unaoikinga dawa na asidi ya tumbo. Muulize wako aina inayopita kwenye mpira.

Kina mama, acheni haraka! Vyombo vitangoja. Na dawa za kifafa usiziache kwa sababu yangu: mrekodi kwa simu akijipinda, andika saa aliyolishwa, mpelekee daktari. Akitapika damu au kitu cha rangi ya kahawa, au ana homa na anahema kwa shida, hospitali saa hiyo hiyo.

Wangu jana alilala hadi adhana ya alfajiri. Foronya nimeirudisha kitandani bila kuifua.