Usilipe kodi ya Goba kabla hujaipanda daladala ya Jumatatu

Usilipe. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba umepata kazi Posta, katikati ya Dar, una mke na mtoto wa miaka mitatu, na umeona nyumba mbili, moja Goba, pembezoni mwa mji, na nyingine Chang'ombe, Temeke. Dalali wa Goba anataka kodi ya miezi sita kabla ya Jumamosi. Unauliza kama Chang'ombe kuna usalama, maji yakoje, shule za watoto zipo, na kama "watu wa heshima zao" wanakaa huko. Hapo kwenye watu wa heshima zao ndipo chai iliponipalia, maana maneno hayo hayo niliyasema mimi miaka mitatu iliyopita, na yalinitoa milioni moja na nusu na kochi.

Nianze na kochi.

Nilipohamia Dar kikazi, ofisi yetu ilikuwa mjini, kutoa mizigo bandarini, kuingia saa mbili kamili. Mwenzangu mmoja ofisini, ana gari, alinishauri kama kaka: "Usije ukakaa Temeke, huko uswahilini. Nenda Goba, Goba ndiyo inakuja." Kila mtu alikuwa anasema Goba inakuja. Leo nawauliza, inakuja ikitokea wapi, na kwa nini na yenyewe imekwama kwenye foleni?

Akanipa namba ya dalali. Kijana msafi, kofia ya kapelo, mdomo umepakwa asali. Alichukua elfu ishirini ya kunipeleka tu, kabla sijaona hata bati. Akanipeleka Jumapili, saa nne asubuhi. Zingatia hiyo Jumapili. Barabara nyeupe, bodaboda wamelala juu ya pikipiki zao, upepo unapuliza. Nyumba nzuri, siwezi kuisingizia: chumba, sebule, jiko, choo ndani, vigae vinateleza, geti jeusi. Nikamuuliza, hapa mpaka Posta muda gani? Akatazama saa kabisa, kama rubani. "Bosi, dakika arobaini, ukichelewa sana arobaini na tano." Na ni kweli, siku ile tulitumia dakika arobaini. Hakusema uongo. Ndiyo maana nashindwa hata kumshitaki.

Laki mbili na nusu mara sita, na ya kwake ya mwezi mmoja juu. Nikatoa milioni moja na laki saba na nusu, mkono hautetemeki. Nikajiona mtu mzima.

Halafu nikaenda Keko, jirani na Chang'ombe, kununua kochi.

Kama hujafika Keko, pale ndipo fenicha za nusu ya mji huu zinapozaliwa. Barabarani unaona makochi yamepangwa yamevishwa nailoni, vitanda vimesimamishwa wima, makabati. Ukiingia ndani ya vibanda, maranda yanafika kwenye vifundo vya miguu. Fundi wangu alikuwa na misumari midogo mdomoni anaongea nayo, anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi kama mbegu za chungwa, anagonga kitambaa kwenye fremu, tak, tak, hakosei. Nilikaa pale mchana kutwa nikisubiri amalizie, kwenye stuli, nikila mihogo ya kukaanga na kachumbari ya muuzaji wa jirani. Akaniuliza naipeleka wapi. Nikamwambia Goba. Akatema msumari mkononi: "Na kazi unafanya wapi, bosi?" Posta. Akanyamaza. Kisha akasema, "Sasa si ungekaa tu hapa?"

Nilicheka. Mkuu, nilimcheka yule fundi! Mimi mtu wa vigae nikae Keko? Kochi likapakiwa kwenye kirikuu, likavuka mji mzima, likapanda Goba.

Jumatatu yangu ya kwanza nilitoka saa kumi na mbili na robo, nimepiga hesabu ya dakika arobaini nikaongeza nusu saa ya adabu. Kutoka nyumbani hadi lami, bodaboda elfu mbili. Kituoni kuna watu kama wanaosubiri maiti. Daladala ikija imejaa, konda ananing'inia kwa vidole viwili anasema "nyuma kweupe." Nikapanda ya tatu, mpaka Makumbusho. Makumbusho nikaanza upya foleni ya Posta. Nilifika ofisini saa tatu na dakika kumi, shati limegeuka ramani. Siku ya kwanza nilisamehewa. Wiki ya pili kitabu cha mahudhurio kilikuwa kinapigiwa mstari mwekundu saa mbili na robo, na jina langu lilikuwa linaishi chini ya mstari kama mpangaji wa kudumu.

Nikabadilika. Kuamka saa kumi na nusu, kutoka saa kumi na moja gizani, mbwa wa majirani wananijua kwa nyayo. Hivyo nilikuwa nafika mjini mapema, nalala na kichwa mezani mpaka ofisi ifunguliwe. Jioni natoka saa kumi na moja, naingia ndani saa mbili na nusu usiku, siku ya mvua saa tatu na zaidi, kwa sababu ikinyesha ile bodaboda ya elfu mbili inakuwa elfu nne na bado anakwambia shuka hapa, utelezi. Mwanangu namwacha amelala, namkuta amelala. Jumamosi moja jioni aliniona nimekaa sebuleni na singlendi, akamuuliza mama yake, "Mama, huyu leo analala hapa?" Mke wangu alicheka, mimi pia. Kisha nikaingia bafuni nikakaa muda mrefu kidogo.

Nauli haikupungua 6,500 kwa siku. Siku ishirini na sita za kazi, hiyo ni 169,000 kila mwezi, juu ya kodi niliyokwisha kulipa. Yaani nyumba yangu ya laki mbili na nusu ilikuwa ya laki nne na ushee, na nilikuwa naiona usiku tu. Sijataja maji ya boza. Sijataja siku meneja aliponiita kwa upole, ule upole mbaya, akaniambia nafasi ya kusimamia timu wamempa mwingine kwa sababu "wewe unaonekana una majukumu mengi nyumbani." Nyumbani gani? Mimi nyumba nilikuwa naisikia tu.

Mwezi wa nne nikanyoosha mikono. Mwenye nyumba hakurudisha ya miezi miwili iliyobaki, na mkataba ulisema hivyo, niliusaini mwenyewe bila kusoma kwa sababu dalali alikuwa ananiwekea kidole mahali pa saini. Laki tano hiyo. Ya dalali laki mbili na nusu. Magari mawili ya kuhama, kwenda na kurudi, 220,000. Nauli ya ziada ya miezi minne, zaidi ya laki tano. Jumlisha wewe, mimi nikijumlisha napata kiungulia. Na siku ya kuhama ilikuwa mvua, gari likakwama kwenye tope kabla ya lami, tukashusha vitu kulipunguza uzito, na kochi likakaa mguu mmoja ndani ya dimbwi mpaka likavimba.

Nikalirudisha Keko. Fundi yule yule. Alilitazama, akapapasa fremu, akanitazama. Hakuuliza. Alitoa msumari mdomoni akasema, "Kuna bi mkubwa hapo Chang'ombe ana chumba na sebule, mpangaji wake ameondoka juzi. Hataki dalali." Kochi lile lilisafiri mara ya mwisho kwa mkokoteni.

Ndiyo hivyo nikahamia mtaa niliouona hauna hadhi. Mama mkwe nilipompigia kumwambia sasa tunakaa upande wa Keko, alinyamaza simu nzima, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Amefanya nini?" Alidhani Gereza la Keko. Ukikaa pande hizi utani huo utauzoea, kila mtu atakuuliza umetoka lini. Jibu langu: nimetoka Goba, kifungo cha miezi minne.

Sasa sikiliza. Kutoka Chang'ombe mpaka Posta ni kama kilomita tano. Gari moja, hakuna kubadilisha, hakuna bodaboda. Natoka saa moja na nikifika ofisini nakuta nimewahi chai. Siku magari yanagoma natembea, napita Keko, nashukia Gerezani, jasho tu. Barabara ya Chang'ombe imejengewa njia ya mwendokasi, na pale makutano ya Nyerere kuna daraja la juu. Kariakoo kwa mguu, Tandika kwa mguu kama una nguvu, hospitali ya Temeke karibu, mboga jioni unanunua kwa mama wa kona akiwa anakuchambulia mchicha huku mkisemana.

Na si mtaa wa jana. Watu wanasema "uswahilini" kama tusi, halafu hawajui hapo jirani kuna Uwanja wa Uhuru, bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku ule wa Desemba 1961. Ubavuni mwake uko wa Mkapa, wa mwaka 2007, unaingiza watu elfu sitini. Siku ya Simba na Yanga usipange safari, usipange msiba, usipange lolote. Mtaa mzima unakuwa maegesho na kijana wa jirani anauza kivuli cha mwembe wao. Lakini goli likiingia unalisikia mara mbili, kwanza kwa masikio kutoka uwanjani, halafu kwenye televisheni iliyochelewa. Hakuna mtu wa Goba ana kitu hicho. Kuna DUCE, chuo kikuu cha elimu, basi wanafunzi wamejaa, na wanafunzi wakijaa kuna chipsi za bei nafuu na stationeri kila kona. Kuna VETA, chuo cha ufundi. Kuna viwanda, kwa hiyo ndiyo, kuna malori, na upepo ukigeuka kuna harufu ya kimea cha bia, sitakuficha.

Nyumba nyingi ni zile za zamani za Kiswahili, korido katikati, vyumba kulia na kushoto, uani kwa nyuma, baraza mbele. Bi mkubwa wangu anakaa barazani kuanzia asri, kiti chake cha plastiki, ungo wa mchele mapajani. Umeuliza usalama: mwizi gani atapita mbele ya yule mama? Anajua viatu vya kila mtu. Siku nilisahau funguo nje ya mlango, alizichukua akazikalia mpaka nilivyorudi, akanipa na khutba ya robo saa. Wiki ya kwanza nilikuwa naona hiyo ni kuingiliwa. Sasa mwanangu akitoka nje kwenda kucheza, sihangaiki. Ana bibi zake kama sita pale, watatu kati yao wanamchapa.

Ila ukipata cha kupanga pande za Keko, angalia ukuta kwa chini. Ukiona mstari wa maji, hata kama umepakwa rangi juu yake, ondoka, hiyo nyumba iko bondeni. Na uliza luku, yaani mita ya umeme, ni ya peke yako au ya wote. Ya wote ni vita vya pasi na jokofu mpaka siku ya kiama.

Lakini yote hayo ni madogo. Kitu kimoja tu nakuomba ushike, hata ukisahau mengine: fanya safari kabla hujalipa. Siyo Jumapili. Siyo kwa gari la dalali. Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, simama kwenye kituo cha hiyo nyumba unayotaka kulipia, kwa nauli yako, na begi lako, na viatu vyako vya kazini, mpaka mlangoni pa ofisi. Kaa mjini kutwa. Saa kumi na moja jioni rudi hivyo hivyo mpaka kwenye lile geti. Andika saa. Ifanye na ya Chang'ombe siku inayofuata, uone. Hata kama mwisho utachagua Goba, sitakulaumu, Goba kuna hewa, kuna nafasi, kuna watu wana magari na kazi za huko huko na wanaishi raha. Wewe una gari? Hujaandika una gari.

Na usiniambie mpaka Jumamosi nyumba itakuwa imechukuliwa. Yangu niliambiwa kuna mtu anatoka benki na hela mkononi. Huyo mtu wa benki bado anatoka, maana juzi nimeona nyumba ile ile imetangazwa tena.

Mwambie dalali akusindikize hiyo Jumatatu, nauli umlipie wewe, chai umnunulie. Wangu nilimpigia wiki ya pili kumwambia aje tupande wote, akaniambia yuko Mkuranga, ana msiba.