Muulize Mchungaji: Mnara wa Siloamu, tarehe za mwisho na deni la mshirika

Bwana asifiwe, Mchungaji. Kila nikifungua simu nakutana na vita, mafuriko, tetemeko. Katika ibada ya nyumbani mmoja wetu alisema watu hao wanavuna dhambi zao. Nilinyamaza, ila moyo ulikataa. Nami nikipiga magoti niwaombee, maneno yananiishia ndani ya dakika moja, halafu usingizi hauji.

Moyo wako haukukosea. Yesu naye aliletewa habari za namna hii, ziko Luka 13:1-5. Walimweleza juu ya Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakiwa kwenye dhabihu zao, naye akaongeza tukio la pili: watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. La kwanza ni ukatili wa mtawala, la pili ni ajali ya jengo. Je, hao walikuwa wakosaji kuliko wengine? Mara zote mbili akajibu, "Sivyo." Kisha akawaambia waliosimama pale watubu wao. Mwenzenu alichukua onyo linalomhusu msikilizaji akamtwisha marehemu. Ni kweli Biblia inataja miji iliyohukumiwa, Sodoma ukiwemo, lakini hapo Maandiko yenyewe ndiyo yanayosema sababu. Kwa tetemeko la juzi hakuna aliyekabidhiwa maelezo hayo.

Sasa maombi. Wengi hukwama kwa sababu wanabeba habari kumi kwa mpigo, na sala inageuka taarifa ya habari anayosomewa Mungu. Chagua tukio moja, ukae nalo siku saba, hata kama vyombo vya habari vimeshahamia kwingine. Acha simu chumba kingine nusu saa kabla ya kulala. Kwenye karatasi andika mistari mitatu: nani ameumia, wapi, anahitaji nini usiku huu. "Wahanga" ni neno pana mno; andika "mama aliyejifungulia kwenye hema" au "wanaochimbua kifusi kwa mikono".

Halafu fungua Zaburi 13. Ina aya sita tu, na imegawanyika vizuri. Aya ya 1 na 2 ni lalamiko: "hata lini" limerudiwa mara nne. Weka jina la mahali uliloandika kwenye karatasi na uliseme lalamiko hilo kwa niaba yao. Aya ya 3 na 4 ni ombi. Hapo soma mstari wako wa tatu. Aya ya 5 na 6 ni tumaini. Kosa la kawaida ni kurukia aya ya 5 kwa kuogopa kwamba kulalamika ni kukosa imani. Mtunzi hakuogopa. Usiku ambao tumaini halipandi kabisa, tumia Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila kufarijiwa, na bado imo ndani ya Biblia kama sala halali. Dakika kumi zinatosha. Ukimaliza usirudi kwenye simu "kuangalia kama kuna jipya". Hapo ndipo usingizi unapopotelea.

Nimetumiwa ujumbe unaotaja tarehe ya kurudi kwa Yesu, na kwamba nisipousambaza kwa watu kumi nitapata msiba. Nifanyeje?

Ufute. Tarehe: "hakuna aijuaye," Mathayo 24:36. Wafuasi wa William Miller, mhubiri wa Marekani, walingoja kurudi kwa Yesu tarehe 22 Oktoba 1844, na baadhi yao wakaacha mazao bila kuvuna. Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, alitangaza 21 Mei 2011, akasogeza hadi Oktoba, kisha akakiri kwamba alikosea. Sharti la watu kumi nalo ni uganga uliovalishwa joho la kanisa. Aliyekutumia mjibu faraghani kwa upole, maana mara nyingi ametuma kwa hofu.

Mshirika mwenzangu alinikopa, mwaka umepita. Nikimkumbusha ananiambia Mkristo husamehe. Je, nikidai nimetenda dhambi?

Hujatenda dhambi. Kuna mambo mawili hapa na yeye ameyachanganya: kinyongo na deni. Kinyongo unakisamehe leo bila kumngoja. Deni unaweza kuendelea kulidai kwa amani, au kulifuta kwa hiari yako. Aliyekopa hana mamlaka ya kujifutia.

Watu hutaja mfano wa Mathayo 18, wa mtumwa aliyesamehewa na mfalme deni la talanta 10,000 kisha akamfunga mwenzake kwa deni la dinari 100, kana kwamba dinari 100 zilikuwa senti za kutupa. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo 100 ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Bwana alijua deni kati ya ndugu linauma. Linaonekana dogo pale tu linapowekwa kando ya zile talanta 10,000.

Hatua ziko sura hiyohiyo, aya ya 15 hadi 17. Kwanza ninyi wawili peke yenu, ana kwa ana. Nenda na kiasi kamili na tarehe uliyomkopesha, uulize: "Unaweza kuanza na kiasi gani, na lini?" Andikeni mtakachokubaliana, hata kama ni kidogo kila mwezi. Ikishindikana, chukua mtu mmoja au wawili, na angalau mmoja awe mtu anayemheshimu yeye. Ukibeba marafiki zako atadhani umekuja na genge. Wazee wa kanisa ni hatua ya tatu. Wengi huanzia huku mwisho, kwenye kundi la kwaya la WhatsApp, na mdaiwa akishaaibishwa mbele ya watu huacha kulipa na huacha kuja kanisani.

Ukigundua kwamba kweli hana, ama uliahirishe deni kwa tarehe ya maandishi, ama ulifute na umwambie wazi kwamba umelifuta. Usilifute kimoyomoyo huku ukiendelea kumhesabia kila nguo mpya anayovaa. Na akirudi kukopa tena, unaruhusiwa kusema hapana.