Ukivuka Majimbo ya Marekani na Bastola Yako

Leseni ya udereva ya jimbo moja inakubalika Marekani nzima. Kibali cha kubeba bastola hakiko hivyo: kila jimbo huchagua lenyewe vibali vya majimbo gani litavitambua, na mengine hayatambui cha mtu yeyote wa nje. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye kibali halali cha jimbo lake la Pennsylvania, alisimamishwa katika jimbo jirani la New Jersey kwa kosa la barabarani. Alimwambia polisi mwenyewe kwamba ana bastola, akakamatwa. Kesi ilimwelemea mpaka gavana Chris Christie akampa msamaha mwaka 2015. Mhalifu hatangazi silaha yake, kwa hiyo mtego wa namna hii huwanasa zaidi wale wanaosema ukweli.

Wengi walidhani hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2022 kuhusu New York imemaliza tatizo. Haikumaliza. Iliondoa sharti la mwombaji kuthibitisha sababu maalumu ya kutaka kubeba silaha, basi. Haikulilazimisha jimbo lolote kukubali kibali cha jirani.

Kinga ya msafiri ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, kifungu cha 926A. Inakuruhusu kusafirisha silaha kutoka mahali unapoimiliki na kuibeba kihalali hadi mahali pengine ambapo pia ni halali kwako kuwa nayo na kuibeba. Soma mara mbili hilo la pande zote mbili. Safari yako ikiishia katika jimbo usiloruhusiwa kubeba, kifungu hicho hakikusaidii, hata ufunge silaha kwa minyororo.

Masharti ya njiani ni machache, lakini yanakosewa kila siku. Silaha iwe haina risasi, na chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ikiwa tupu. Silaha na risasi zote zisiwe mahali ambapo mtu aliyekaa ndani ya gari anaweza kuzifikia. Kwa gari lenye buti iliyotengwa, weka humo. Kwa pikapu, au gari ambalo sehemu ya mizigo imeungana na viti, silaha na risasi ziwe ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli, na sheria inasema wazi kwamba kidroo cha dashibodi na kile cha katikati ya viti vya mbele havihesabiki kuwa kasha, hata kama vina kufuli. Gari dogo lenye viti vya nyuma vinavyolala linakupa buti ambayo mtu anaweza kuifikia akiwa amekaa; hapo pia tumia kasha. Weka risasi katika kasha lake la pili na uache funguo zote mbili mbali na ufunguo wa gari. Sheria haidai hilo la mwisho, ila linapunguza mabishano kando ya barabara. Magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye silaha, ni jambo jingine: kifungu kinataja silaha na risasi, magazini hakizitaji. New York, New Jersey na California zinazuia zenye uwezo wa kuzidi risasi 10, Colorado zinazozidi 15. Beba ndogo, au ziache nyumbani.

Kasha hilo linakufaa maadamu uko ndani ya kinga. Ukitoka nje yake, angalia New York inavyohesabu: bastola isiyo na risasi, ikiwa mwenye nayo ana wakati huohuo risasi zinazoiingia, ni bastola iliyojaa. Haijalishi risasi ziko kwenye boksi. Kuwa nayo nje ya nyumba yako bila kibali cha huko ni kosa linaloanzia kifungo cha miaka mitatu na nusu. Wala huwezi kuikwepa New York kwa barabara ukitoka Pennsylvania kwenda Vermont. Unachoweza ni kuchagua pa kuivukia: barabara kuu ya 84 inaikata New York kwa kilomita 115 hivi na kuingia Connecticut, wakati ile ya 95 inakupitisha ndani ya jiji lenyewe. Jaza mafuta kabla ya mpaka, pita bila kusimama.

Maana kinga hii ni ya mpita njia, si ya mgeni wa kulala. Mwaka 2005 msafiri kutoka Utah alikosa ndege ya kuunganisha katika uwanja wa Newark, New Jersey. Akapewa begi lake lenye bastola, akalala hotelini, na asubuhi akaitangaza silaha kaunta kama kanuni za ndege zinavyotaka. Alikamatwa. Mashtaka yalifutwa, lakini alipodai fidia mahakama ya rufaa ilimkatalia mwaka 2010: usiku ule begi lilikuwa mkononi mwake, kinga ikakatika. Mwaka huohuo mahakama ya rufaa inayohusika na New York iliamua kwamba aliyekamatwa hawezi kutumia 926A kuwadai polisi fidia. Yaani unaweza kushinda kesi ya jinai na bado gharama zote zikabaki kwako.

Kwa ndege, silaha iende kwenye mizigo ya chini tu, ikiwa tupu, ndani ya kasha gumu, na itangazwe kaunta kila safari. Kasha likiwa na matundu mawili ya kufuli na wewe ukafunga moja, kona huinuka kiasi cha kupitisha vidole. Mkaguzi akiliona hilo, silaha haisafiri. Funga yote mawili, na ufunguo ubaki nao wewe. Risasi zikae kwenye boksi lake, si kumwagwa ndani ya kasha. Tafuta safari isiyounganisha Newark, wala viwanja vya New York vya JFK na LaGuardia, hata kama ni ghali zaidi.

Ndege ikikwama huko na ukaambiwa ulale, usilipokee begi. Mwambie mfanyakazi wa shirika kwamba lina silaha iliyotangazwa na uombe libaki mikononi mwao hadi ndege inayofuata. Likishatolewa kwenye mkanda wa mizigo, usiliguse. Omba polisi wa uwanja waitwe walichukue kabla hujatoka mlangoni.