Hakupiga kelele, je, alikubali?

Hapana ndugu, kwenye kesi ya ubakaji, kwa sheria ya Tanzania hoja yako ya "mbona hakupiga kelele wala hana hata mchubuko" haina nguvu. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kinasema wazi kwamba si lazima kuwe na dalili za kupambana, kama majeraha mwilini, ili kuthibitisha mwanamke hakuridhia. Na kuingiliwa hata kidogo tu kunatosha. Mahakama ya Rufani nayo imeshasema mara nyingi kwamba ushahidi bora ni wa aliyetendewa mwenyewe, kwa hiyo kesi haifi kwa sababu tu PF3 (fomu ya polisi anayojaza daktari baada ya uchunguzi) haioneshi jeraha.

"Ndiyo" yenyewe pia inachunguzwa. Iliyotolewa kwa nguvu, vitisho au akiwa amefungiwa mahali isivyo halali si ridhaa. Vivyo hivyo kama amelewa kitu alichopewa, isipokuwa ithibitike walikuwa wamekubaliana kabla. Mganga wa kienyeji anayetumia nafasi yake kwa mteja ametajwa kabisa kwenye kifungu hicho, na kiongozi wa dini pia. Chini ya miaka 18, kama si mke wa mtu huyo, ridhaa haiulizwi.

Panaponikera ni kwenye ndoa: kwa mke, kifungu hicho kinamgusa mume pale tu wanapokuwa wametengana. Kenya nao, kwenye sheria yao ya makosa ya kujamiiana ya 2006, wameeleza ridhaa vizuri zaidi, yaani kukubali kwa hiari ukiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua, lakini wanandoa wamewaachia mwanya uleule.